Kwa Nini Mchimba Kaburi Hutukanwa na Wafiwa

Zamani, watu walipokuwa bado hawajapata matusi, ugomvi ulikuwa mwingi kuliko leo. Msishangae. Kukosa matusi si kuwa mpole. Watu wa siku zile walipochukizana waliambiana kweli, tena kwa adabu, kwa majina kamili na ukoo, na hakuna kinachouma kama kweli iliyovishwa adabu. Mtu alimwendea mwenzake, akapiga hodi, akakaribishwa, akaketi, akauliza hali ya mbuzi na hali ya watoto, kisha akasema: "Ndugu yangu Zayumba, mwana wa Mbezi, pua yako ni kubwa kuliko inavyohitajika." Akaaga, akaenda zake. Zayumba akabaki na pua yake, maana kweli ilikuwa kubwa.

Kwa kuwa kila neno lililosemwa juu ya mtu lilihesabiwa kuwa ni ushahidi, palikuwa na Baraza la kulithibitisha. Mkuu wake alikuwa Jumbe Mavoa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeamini kwamba duniani hakuna jambo lisiloweza kuahirishwa. Mkono wake wa kulia aliketi Singano, mpimaji, na fimbo yake yenye alama. Ikisemwa kwamba pua ya Zayumba ni kubwa, Singano alikwenda kuipima, halafu akapima na pua za majirani wote ili ipatikane pua ya wastani. Majirani walioonekana na pua ndogo mno nao wakakasirika, wakafungua mashauri yao. Hivyo ndivyo kazi za Baraza zilivyoongezeka bila mtu yeyote kuzitafuta.

Tena ilikuwapo sheria moja iliyopendwa sana na Baraza, na Baraza peke yake. Shauri likishafunguliwa, wenye shauri hawakuruhusiwa kula chungu kimoja, wala kuvuka kizingiti kimoja, wala kufanyiana kazi, wasije wakapatana kabla Baraza halijawapatanisha.

Basi vilikuwapo vijiji viwili, Kwemboza juu ya kilima na Lukindo chini bondeni, na kati yao kijito. Kwemboza walikuwa wafinyanzi na warina asali; Lukindo walikuwa wakulima wa mpunga. Tangu mababu walikuwa wamepatana kwamba kijiji hakijichimbii kaburi. Waliona kuwa mkono wa mfiwa hauna nguvu, na jembe lake husimama kila mara kungoja afute machozi. Kwemboza wakifiwa, Lukindo huchimba. Lukindo wakifiwa, Kwemboza huchimba. Aliyejichimbia kaburi la kwao mwenyewe ilisemwa amemfundisha kifo njia ya nyumbani.

Kule Kwemboza aliishi mwanamke mmoja mfinyanzi, jina lake Mandia, aliyejulikana kwa vyungu visivyovuja na kwa kutosahau. Wakati wa mavuno alifiwa na mama yake mdogo, na mkuu wa wachimbaji wa Lukindo, Kopwe, ndiye aliyechimba. Kopwe alikuwa mtu mpana, mwenye mabega ya mlango wa zizi na moyo wa kifaranga. Siku ile alichimba kaburi fupi. Mama mdogo alilazwa magoti yamekunjwa, kama mtu anayeota moto. Mandia aliona, akanyamaza mpaka msiba ulipokwisha. Siku ya gulio akamwendea Kopwe penye watu, akamwamkia, akauliza hali ya mpunga, akasema, "Kaka Kopwe, mwana wa Shundi, kwa heshima zako zote, kaburi ulilomchimbia mama mdogo lilikuwa fupi."

Ufuta aliokuwa ameushika Kopwe ulimponyoka mkononi, akauacha kuku wa watu wakaula.

Baraza likalichukua neno lile siku hiyohiyo. Singano akaenda makaburini na fimbo yake, akasimama, akatafakari, akaelewa kuwa ili apime inabidi afukue. Akarudi kwa Jumbe. Jumbe Mavoa naye akafikiri kwa kirefu, halafu akafanya lile alilolijua vizuri kuliko yote: akaahirisha shauri mpaka hapo ushahidi utakapojitokeza wenyewe. Wafiwa waliomba sana usijitokeze.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja baba yake Mandia, Mzee Semkiwa, mrina asali, alikunywa uji wake, akalalamika kwamba haukutiwa asali ya kutosha, akajinyoosha mkekani, akafa. Alikuwa amekula chumvi nyingi na asali nyingi zaidi, na msiba wake haukuwa wa kupasua kifua. Ulikuwa msiba wa kuinamisha kichwa na kukumbuka. Alikuwa pia mtu mrefu mno. Boriti ya juu ya mlango wake ilikuwa imepata mng'aro kwa kugongwa na paji lake miaka yote. Mandia, mwanawe wa pekee, alimtazama alivyolala, miguu ikitokeza nje ya mkeka, akajisemea kwamba huyu hatakunjwa magoti, potelea mbali.

Wachimbaji wa Lukindo walisikia ngoma ya msiba, wakaja na majembe mabegani. Walipofika kijitoni wakasimama. Kopwe alikuwa na shauri na Mandia, na shauri lilikuwa hai. Asingeweza kuvuka kumfanyia kazi. Wenzake nao wasingeweza kumtangulia, kwa kuwa jembe la kwanza kugusa ardhi lilikuwa la mkuu wao. Ndivyo walivyozoea, na mazoea ya makaburini hayabadilishwi makaburini.

Mandia akapeleka mtu kwa Jumbe. Jibu likaja upesi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kutia wasiwasi. Jumbe alituma rambirambi nzito, akasema kuna njia mbili. Ama Mandia akiri mbele ya watu kwamba alisema uongo, ama Kopwe athibitishe urefu wa kaburi. Zikishindikana zote, Baraza litakaa baada ya gulio lijalo. Sasa, mwongo wa siku zile hakuwa na pa kuuzia chungu, kwa maana nani atanunua chungu cha mtu ambaye neno lake linavuja? Na zaidi ya hayo, neno lile lilikuwa kweli. Jua nalo lilikuwa halingoji gulio. Lilikwishapanda juu ya paa, na ndani wazee walianza kuchoma ubani zaidi ya ule wa desturi.

Mandia akachukua mtungi akateremka kijitoni kuteka maji ya kumwoshea baba. Ng'ambo ya pili akamkuta Kopwe ameketi juu ya jiwe, jembe mapajani, wachimbaji wenzake wamesimama nyuma yake kama ng'ombe waliokosa mchungaji.

"Pole, dada Mandia, binti Semkiwa."

"Nishapoa, kaka."

"Mzee alinipa asali mwaka ule wa njaa. Nikamwuliza nimpe nini, akasema nimpe nafasi apite, nimeziba njia."

"Basi vuka uje umchimbie."

"Lile shauri, dada."

Mandia akainama kuteka. Mtungi ukagugumia maji taratibu, na yeye akawa anatafuta neno la kumwambia mtu yule. Alizipekua kweli zote alizozijua. Kaburi lilikuwa fupi. Baba amekufa. Jua ni kali. Kweli zote hizo zilikwisha kusemwa, na hakuna hata moja iliyopata kuinua jembe. Akainua macho, akamwona Kopwe amejaa juu ya jiwe lile, mashavu yamelowa, pua imevimba kwa kulia, na hasira na huzuni na hamu ya kucheka vikamjia kwa pamoja kifuani, kama watu watatu wanaogombea mlango mmoja. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"We Kopwe! Kifaru wewe, uliyemeza jembe ukidhani ni muhogo, mpini ukakutokea puani!"

Hata vyura waliacha kulia. Wachimbaji wote wakainama kuitazama pua ya Kopwe. Kopwe mwenyewe akaishika.

"Dada," alisema polepole, "sina mpini puani."

"Najua."

"Wala jembe sijalimeza. Hili hapa."

"Naliona."

Maishani mwake Kopwe hakuwahi kuambiwa jambo ambalo siyo. Akatafuta mahali neno lile lilipomuuma, kama mtu anayelitafuta jino bovu kwa ulimi, asipapate. Badala yake akasikia kitu kinamtekenya chini ya mbavu. Akasimama juu ya jiwe.

"Na wewe, Mandia! Chungu wewe, kilichochomwa kwa moshi wa kiko, kinachovuja kikiwa kitupu, na kikitiwa maji kinapiga chafya!"

Mchimbaji mmoja alicheka hadi akaangukia kijitoni na jembe lake. Mandia akatua mtungi. Akacheka akishika mbavu, na ndani ya kicheko kile machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakapata njia, yakatoka, akawa analia na kucheka bila kujua mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. Kopwe naye alikuwa hivyohivyo. Na katikati ya hayo, sauti ikiwa bado inatetemeka, akasema:

"Lilikuwa fupi, dada. Nilikuta mwamba upande wa miguu. Nikaona haya kusema mbele ya watu kwamba jembe langu limeshindwa."

"Ungesema tu. Tungeongeza upande wa kichwa."

"Najua. Tangu siku ile nami nalala nimekunja miguu."

Hapo ndipo Singano alipojitokeza nyuma ya matete. Alikuwa amewekwa pale na Baraza ili ahakikishe wenye shauri hawavuki. Akapuliza pembe. Haukupita muda Jumbe Mavoa akaletwa juu ya kigoda, akihema kana kwamba ndiye aliyewabeba waliombeba.

Singano akaeleza. Ushahidi ulikuwa umejitokeza wenyewe, kama Jumbe alivyoagiza: Kopwe amekiri. Jumbe akafurahi, kwa kuwa agizo lake halikuwahi kutiiwa namna ile. Akatamka papo hapo kwamba aliyechimba kaburi fupi atachimba jingine refu, na kwa bahati njema yuko mtu mrefu anayengoja. Kopwe akaweka jembe begani. Mguu wake mmoja ulikwisha kugusa maji.

"Ila kuna la pili," alisema Singano.

Mguu ukatoka majini.

"Shauri la kaburi limekufa, Jumbe, lakini limezaa. Huyu kamwita huyu kifaru. Huyu kamwita huyu chungu. Ni ushahidi, na haujathibitishwa. Kwa sheria yetu, hawa wana shauri jipya."

Mandia alitazama juu kilimani. Moshi wa ubani ulikuwa mzito. Aliona wazi jinsi baba yake atakavyongoja tena, safari hii kwa ajili ya mnyama.

"Basi pimeni," alisema. "Pimeni upesi."

Upande wa chini wa kijito palikuwa na dimbwi la matope ambamo kifaru mmoja alipenda kugaagaa adhuhuri. Singano akatumwa na fimbo yake akapate vipimo vya kulinganisha. Alirudi mapema kuliko alivyotarajiwa, ametapakaa matope hadi kwenye nyusi, na bila fimbo.

"Umempima?" akauliza Jumbe.

"Hakuridhia, Jumbe."

Ikabidi waendelee kwa macho matupu.

"Kopwe, una pembe?"

"Sina, Jumbe."

"Geuka. Mkia?"

"Sina."

"Basi neno hili si kweli. Mandia, ulijua si kweli?"

"Nilijua, Jumbe."

"Kopwe, ulijua kwamba anajua si kweli?"

"Nilijua, Jumbe. Baada ya kujishika pua."

Jumbe Mavoa akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuta kitu ambacho hakikuwa na kapu la kukitia. "Si kweli, kwa hiyo si ushahidi. Lakini si uongo pia, maana mwongo hutaka asadikiwe, na huyu hataki asadikiwe hata kidogo. Kopwe, limekuuma?"

"Limenitekenya, Jumbe. Ile kweli ya gulioni nilikuwa nimeibeba tangu mavuno. Hili ni jepesi. Nimelibeba na hapohapo nikamrudishia lake."

"Kwani nalo lake liko vipi?"

"La chungu, Jumbe," alisema Mandia. "Mimi sivuji. Uliza gulio zima."

Jumbe angeweza kuahirisha. Midomo yake ilikwisha kukaa mkao wa kuahirisha, wote waliiona. Lakini upepo uligeuka, ukateremka kutoka Kwemboza, ukamletea ubani na habari nyingine chini ya ubani, na Jumbe alikuwa mtu mwenye pua iliyokwisha kupimwa. Akatoa hukumu kwa haraka ambayo Baraza halikuwahi kuiona.

Alisema maneno ya namna hiyo si shauri, wala hayatakuwa shauri, ilimradi yamejengwa kama yalivyojengwa haya. Kwanza liitwe jina, ili mwenyewe ajue ni lake, lisiokotwe na mpita njia. Kisha apewe mnyama au chombo ambacho hata mtoto aona siye. Kisha mnyama huyo apewe mkia, yaani jambo alilolitenda lisiloweza kutendeka, na mkia uwe mrefu, kwa kuwa ni mkia ndio unaochekesha. Kweli isitiwe ndani hata chembe. Aliyeambiwa asiende kushtaki. Amrudishie mwenzake palepale, tena lililonenepa zaidi. Na maneno haya wapewe wanaozikana tu, Kwemboza kwa Lukindo na Lukindo kwa Kwemboza, kwani asiyekuja kukuzika hana ruhusa ya kukuchezea.

Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, akauliza, "Na cheo, je? Kwetu Lukindo mnanizika nyinyi wa Kwemboza. Cheo nacho chaweza kuambiwa?"

Watu wakatazama chini. Mandia akatazama jua.

"We Jumbe Mavoa! Kobe wewe, uliyeahirisha kuzaliwa mpaka mama yako akazeeka akingoja!"

Jumbe akaligeuza neno lile kichwani, upande huu na upande ule, kama mnunuzi wa chungu anayekigonga kidole asikie mlio.

"Hili la kwangu," akasema mwisho, "lina kweli ndani yake. Lirekebishwe."

Lakini tumbo lake lilikuwa linatikisika, na Kopwe hakungoja zaidi. Alivuka.

Wakachimba. Kopwe alitupa jembe la kwanza, wenzake wakafuata, na wanawake wa Kwemboza walioleta maji ya kunywa wakaanza kujaribu kile kitu kipya, mwanzoni kwa woga, kama watu wanaoonja tunda la porini. Mmoja akamwambia Kopwe ni fuko aliyeoa panya akamsahau shimoni. Mwingine akamwambia ni jongoo aliyechelewa harusi yake akifunga viatu. Kopwe akawajibu wote bila kusimamisha jembe. Kila kicheko kilipopanda udongo nao ulipanda, na kazi ambayo siku zote ilifanywa kwa mabega mazito ikaenda kama palizi ya ujirani. Alipofika chini akajilaza mwenyewe shimoni kupima, akanyoosha miguu yake yote miwili, akakaa pale kitambo kuliko ilivyohitajika, macho yakitazama mbingu.

Marehemu alipoletwa, Kopwe akamgeukia naye. "We Mzee Semkiwa! Twiga wewe, uliyejinyoosha usiku ili utuchoshe mchana!"

Watu wakasita. Marehemu hawezi kurudisha. Mandia akasogea ukingoni.

"Baba anasema wewe ni nyuki dume," akajibu, "uliyeingia mzingani kutafuta asali ukatoka na mkwe!"

Mzee Semkiwa akateremshwa miguu imenyooka, na upande wa nyayo ikabaki nafasi ya kutosha mzinga mzima, maana Kopwe alichimba na deni la mama mdogo humohumo. Mandia aliiona nafasi ile. Akamwaga udongo wake wa kwanza, akapangusa mikono, akaenda kumtilia Kopwe uji kwa mkono wake, akautia asali nyingi.

Na tangu siku hiyo watu wana matusi, na mashauri yamepungua. Singano alikata fimbo nyingine, akawa anapima makaburi kabla hayajafukiwa, kazi ambayo angepaswa kupewa tangu mwanzo. Na ndiyo sababu hata leo ukifika msibani ukamwona mtu amelala mahali pa jeneza, amejifunga kanga ya mjane, anadai marehemu anajisingizia kufa kwa kukwepa palizi, usimwite mgambo. Huyo ni mtani. Ngoja atukanwe, arudishe, kisha utamwona anavua shati anashika jembe. Lakini siku akichanganya kweli humo ndani, hata chembe, utaona vicheko vimekatika ghafla na watu wameanza kuitana kwa majina kamili.

Na kule Kwemboza, mtu akifa, wa Lukindo wakaja wakachimba kimya kimya, wakanawa, wakaaga kwa heshima zote bila kumtupia marehemu hata tusi moja, mabibi hutazamana, halafu mmoja huuliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa amewafanyia nini.